Bega la Kulia la Cody Bellinger

Jioni nyingi za kiangazi cha 2023 zilinikuta nimesimama nyuma ya kiti cha magurudumu, kwenye ukumbi wa makao ya wazee kaskazini mwa Chicago, nikimngoja mzee mmoja amalize mechi ndipo akubali kupelekwa kulala. Mechi ya besiboli ina raundi 9, na mzee huyu hakuwa mtu wa kuondoka raundi ya 7. Mapajani alikuwa na ubao mdogo wenye karatasi ya miraba na penseli iliyochongwa vizuri. Kila mpigaji alipomaliza zamu yake, mzee alitia alama: huyu kafika kituo cha kwanza, huyu kadakwa, huyu katolewa kwa straiki tatu, yaani kaukosa au kauacha mpira mzuri mara tatu. Aliyetolewa kwa straiki anaandikiwa herufi moja tu, K. Ndivyo wanavyoandika Wamarekani tangu karne ya 19.

Alipoingia Cody Bellinger, penseli ilisimama hewani. "Amerudi, au siyo?" aliniuliza. Aliniuliza hivyo Aprili, akaniuliza Julai, na Septemba alikuwa bado ananiuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuambiwa ndiyo.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Nimekulia kwenye soka, na kabla ya kazi hii sikujua besiboli hata kidogo. Lakini swali la mzee lilinikaa kichwani miaka mitatu sasa, kwa sababu nilikuwa nalo swali kama hilo mwilini mwangu.

Kwa wasiomfahamu: Bellinger ni mtoto wa Arizona, anapiga kwa mkono wa kushoto. Baba yake, Clay, alichezea New York Yankees na kutwaa nao ubingwa mwaka 1999 na 2000. Cody mwenyewe alipanda ligi kuu na Los Angeles Dodgers mwaka 2017, akiwa na miaka 21, akapiga homurani 39, yaani mipira 39 iliyovuka uzio, na kura zote zikamchagua mchezaji bora chipukizi wa Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Mwaka 2019 akapiga homurani 47, wastani wa .305, akawa mchezaji bora wa ligi nzima hiyo. Huo wastani maana yake ni kwamba ukihesabu zamu 1,000 za kupiga, 305 zilimfikisha kituoni kwa pigo lake mwenyewe. Utaona kama ni kidogo. Katika mchezo huu, anayeshindwa mara saba kati ya kumi anaitwa nyota.

Sasa njoo usiku wa tarehe 18 Oktoba 2020. Mechi ya saba, ya mwisho, Dodgers na Atlanta Braves, mshindi anakwenda fainali. Kwa sababu ya korona mechi zilikuwa zinachezwa Arlington, Texas, uwanja usio wa timu yoyote kati ya hizo mbili. Matokeo 3-3, raundi ya 7. Bellinger akaupiga mpira wa Chris Martin ukapaa upande wa kulia, yeye akabaki amesimama kidogo akiuangalia, kisha akaanza kutembea taratibu kuelekea kituo cha kwanza. Ilikuwa homurani ya kuwapeleka Dodgers fainali. Akamaliza kuzunguka vituo vyote vinne, akakutana na mwenzake Enrique Hernández, wakaruka juu wote wawili na kugonganisha mikono kwa furaha, kama vijana wafanyavyo.

Bega la kulia likateguka.

Nimeitazama video hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza. Mgongano wenyewe ni wa nusu sekunde. Ukiangalia uso wake unaona furaha haijaondoka bado, ila mkono umeshalegea pembeni kama si wake. Walimrudishia bega mahali pake ndani, akatoka akacheza hadi mwisho. Siku mbili baadaye, fainali ilipoanza, akapiga homurani nyingine, na safari hii wenzake wakampongeza kwa kugusana vidole vya miguu. Watu wakacheka, na mimi nikiiona picha ile huwa nasikitika. Dodgers wakawa mabingwa, na Novemba Bellinger akaingia kwenye chumba cha upasuaji.

Kwa nini bega la kulia ni jambo kubwa hivyo kwa mtu anayepiga kwa kushoto? Mzee alinionyesha kwa fimbo yake ya kutembelea. Mpigaji wa kushoto anasimama bega la kulia likiwa mbele, limemwelekea mrushaji. Gongo likizungushwa, bega hilo ndilo linalotangulia kufunguka na kuvuta mkono, na mkono ndio unavuta gongo. La nyuma linasukuma tu. Kwa hiyo aliyepasuliwa bega la mbele amepasuliwa mlangoni kabisa, pale nguvu inapotokea.

Mwaka 2021 ulikuwa wa balaa juu ya balaa. Aprili mguu wake wa kushoto ukakanyagwa kwenye kituo cha kwanza, mfupa ukapata ufa. Aliporudi alikuwa mtu mwingine: wastani .165 katika mechi 95. Mwaka 2022 akacheza karibu msimu mzima na wastani ukaishia .210, huku akitolewa kwa straiki mara 150. Novemba mwaka huo Dodgers hawakumpa mkataba. Walimwachia tu aende. Mchezaji bora wa ligi wa miaka mitatu iliyopita, mwenye umri wa miaka 27, aliachwa kama nguo iliyobana.

Chicago Cubs wakamchukua kwa mwaka mmoja, dola milioni 17.5. Hapo ndipo mimi, mzee na ile penseli tulipoingia.

Tarehe 14 Aprili 2023 Cubs walikwenda Los Angeles. Zamu yake ya kwanza kupiga, uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi mtoto wao waliyemwacha. Akavua kofia akawashukuru. Mwaka huo ligi ilikuwa imeanzisha saa ya kuharakisha mchezo, na makofi yalipokolea sekunde zilikuwa zinakwisha. Mwamuzi akampa straiki ya bure kwa kuchelewa kujiweka tayari! Mzee aligonga ubao wake kwa ngumi. Alikasirika kwa niaba ya watu wote wanaoadhibiwa kwa kupendwa.

Lakini msimu ulikwenda vizuri, vizuri mno. Julai alikuwa mchezaji bora wa mwezi. Hata baada ya kujiumiza goti akidaka mpira ukutani na kukosa karibu mwezi mmoja, alimaliza na wastani wa .307, homurani 26, akawasukuma wenzake au yeye mwenyewe nyumbani, yaani kituo cha mwisho kinacholeta pointi, mara 97. Cubs walishinda mechi 83 na kukosa mchujo kwa mechi moja. Yeye akapewa tuzo ya mchezaji aliyerejea vyema zaidi katika Ligi ya Taifa.

Na hapo ndipo ubishi ulipoanza hasa. Tuzo hiyo yenyewe haiahidi kitu. Aliyeipata katika ligi hiyo mwaka 2021 ni Buster Posey, na Novemba ya mwaka huohuo akastaafu. Wa mwaka 2022 ni Albert Pujols, aliyefikisha homurani 703 akatundika gongo. Wote wawili walirejea ili kuaga. Bellinger alikuwa kijana wa miaka 28, mwenye maisha mengi ya uwanjani mbele yake, na kila aliyetaka kumlipa alikuwa na swali lile lile la mzee.

Wenye shaka walikuwa na hoja nzito, na sitaki kuipuuza. Siku hizi viwanjani kuna kamera zinazopima kasi ya mpira unapoondoka kwenye gongo. Mwaka 2019 mipira ya Bellinger iliondoka kwa wastani wa kama kilomita 147 kwa saa. Mwaka 2023, msimu huo uliosifiwa, ilikuwa kama 141. Mwaka 2019, katika kila mipira 100 aliyoigonga, zaidi ya 45 ilikuwa ya moto kweli. Mwaka 2023 ilikuwa kama 31, yaani alikuwa miongoni mwa wapigaji dhaifu wa ligi kwa kipimo hicho. Mpira unaopigwa kwa ulegevu mara nyingi hudakwa. Ya kwake ilidondoka mbele ya wadakaji, ikapenya katikati yao, ikaangukia majanini. Wachambuzi wakasema: huyu kabahatika, subirini mwakani.

Wapenzi wake wakajibu kwa jazba kwamba wastani ndio wastani, na waliodondosha mipira si yeye aliyewaomba.

Nami nilikuwa upande huo wa jazba, mpaka siku moja mzee aliponiomba nimtolee boksi la viatu chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na karatasi zake zote za mechi. Alitaka nimhesabie herufi moja tu kwenye mstari wa Bellinger. Macho yake yalikuwa yamechoka, yangu mazima. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda nikihesabu K. Nilitarajia kuhesabu muda mrefu, kwa kuwa nilijua mwaka uliotangulia zilikuwa 150. Msimu mzima wa 2023 zilikuwa 87 tu. Kuna karatasi tatu, nne, tano mfululizo ambazo mstari wake hauna K hata moja.

Mzee akasema maneno machache. Kwamba zamani, straiki zikifika mbili, kijana huyu alizungusha gongo kwa nguvu ileile ya straiki ya kwanza, akitafuta homurani. Sasa zikifika mbili anapunguza. Anafupisha pigo, anautafuta mpira tu, auguse, aupeleke popote pasipo na mtu.

Nilirudi nyumbani kwa treni usiku ule nikiwa nimekaa kimya sana.

Februari 2022, kwenye kazi hii hii ingawa si jengo hili, nilimdaka bibi mmoja aliyekuwa anateleza bafuni. Nilimdaka kwa mkono mmoja, wa kulia, kwa sababu ndivyo nilivyozoea: nina nguvu, nikiitwa naenda, simngoji mtu. Bibi hakuumia. Mimi nilisikia kitu kikitoka begani mahali pake, sauti ndogo kama kifundo cha kidole, kisha maumivu ambayo hayana jina. Mazoezi ya viungo yalinichukua miezi mitano, nikivuta mpira wa rangi ya njano uliofungwa kwenye kitasa cha mlango, mara kumi, pumzika, mara kumi. Niliporudi kazini kila mtu aliniuliza kwa wema: "Bega limerudi?" Mama alipiga simu kutoka Mombasa kila Ijumaa: "Mwanangu, bega lisharudi?" Nikamjibu, "Alhamdulillahi, mama, limerudi."

Halikurudi. Kikombe kilichoko rafu ya juu nakishusha kwa mkono wa kushoto mpaka leo. Nikilalia upande ule naamka alfajiri. Lakini tangu siku ile sijaumia tena, na hakuna mgonjwa aliyeponyoka mikononi mwangu. Mwalimu wa mazoezi alinibadilisha namna ya kusimama: karibu na mtu, magoti yakunjwe, mkanda wa kumshikia kiunoni uwe umefungwa kabla sijamgusa, hesabu hadi tatu kwa sauti ili naye anyanyuke pamoja nami, na nikiona ni mzito niite mwenzangu. Sasa naita. Zamani kuita niliona aibu.

Kwa hiyo nilipoziona zile karatasi zisizo na K, nilielewa kwamba mimi na mzee tulikuwa tunaulizana swali lililokosewa. Yule wa 2019, wa homurani 47, bega lile lilikwenda naye. Huyu wa 2023 alikuwa na vitu viwili vilivyochanganyika kwenye wastani mmoja wa .307: bahati, ambayo ingekwisha, na ujuzi wa kutokosa mpira, ambao hauna sababu ya kwisha. Kipi ni kikubwa kati ya viwili hivyo? Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe, na lilihitaji miaka kujibiwa.

Naamini dalili za ujuzi huo zilikuwepo hata kwenye giza. Tarehe 14 Oktoba 2021, baada ya msimu ule wa .165, Dodgers na San Francisco Giants walikuwa 1-1 raundi ya mwisho ya mechi ya kuamua. Bellinger hakutafuta uzio. Alipiga mpira wa kawaida, ukatua mbele ya wadakaji, Justin Turner akakimbia nyumbani, ikawa 2-1. Pigo la mtu anayejua leo hana nguvu na bado ana kazi ya kufanya.

Klabu zenyewe hazikuamini. Wakala wake, Scott Boras, alisaka mkataba mrefu mnono majira yote ya baridi, na hadi mwishoni mwa Februari 2024, mazoezi ya msimu yameshaanza, hakuna aliyeutoa. Akarudi Cubs kwa miaka 3, dola milioni 80, na ruhusa ya kujitoa kila mwaka akitaka. Ni pesa nyingi, ndiyo, lakini ulikuwa mkataba wa watu wanaosema: tuone kwanza.

Mwaka 2024 ulionekana kuwapa haki. Aprili alijigonga kwenye ukuta wa matofali wa Wrigley, uwanja wa Cubs, ule uliofunikwa na mimea inayotambaa, akavunjika mbavu mbili. Julai mpira uliorushwa ukamvunja kidole. Wastani ukashuka hadi .266, homurani 18. "Amekwisha," nilisikia watu wakisema kwenye treni karibu na kituo cha Addison, wamevaa jezi zenye jina lake. Mdogo wangu wa kiume, ambaye besiboli anaijua kwa kunisikia mimi, akaniandikia: "Dada, sema moja. Karudi ama hajarudi?"

Mzee akanituma kwenye boksi. K zilikuwa 89 mwaka mzima. Mbili tu zaidi ya msimu wa sifa, na alicheza mechi 130 misimu yote miwili. Bahati ilikuwa imeondoka, na mbavu zimevunjika, na kidole, lakini kile alichojifunza kilikuwa pale pale.

Desemba hiyo Cubs walikuwa wamempata mpigaji mwingine, Kyle Tucker, na siku chache baadaye wakampeleka Bellinger Yankees, timu ya baba yake, wakimchukua mrushaji mmoja tu, Cody Poteet, na bado wakaongeza dola milioni 5 kumsindikiza. Iliniuma. Mzee alinyamaza siku mbili, kisha akaniomba nimtafutie namna ya kuziona mechi za Yankees.

Basi tukaziona. Mwaka 2025 Bellinger alicheza mechi 152, akapiga homurani 29, wastani .272. Uwanja wa Yankees umemsaidia, lazima niseme hivyo: uzio wa kulia pembeni uko kama mita 96 tu kutoka kwa mpigaji, wakati Wrigley ni karibu 108, na mpigaji wa kushoto huvutia mipira yake huko huko. Nyumbani alikuwa hatari kuliko ugenini. Lakini uzio mfupi haukusaidii kuugusa mpira. Dhidi ya warushaji wa mkono wa kushoto, ambao kwa desturi humtesa mpigaji wa kushoto kwa sababu mpira unamkimbia, alipiga wastani wa .353. Huo ni usomaji wa mpira, hauna uhusiano na misuli. Januari 2026, Yankees wakampa kile alichonyimwa miaka miwili nyuma: miaka 5, dola milioni 162.5.

Mdogo wangu nimeshamjibu. Nimemwambia yule wa 2019 usimngoje. Huyu aliyepo sasa ana miaka 30, amekaa misimu mitatu mfululizo bila kuanguka, na kinachomshikilia kinaweza kumfikisha mbali kuliko nguvu ingemfikisha, kwa maana nguvu ya bega ile ilikuwa itapungua tu na umri. Goti au mgongo vinaweza kumwangusha kesho, na wanaolipia miaka 5 wanalijua hilo. Lakini nikiambiwa nichague kumwamini mpigaji wa .305 mwenye bega zima asiyejua kufupisha pigo, au huyu, namchagua huyu.

Oktoba 2025, msimu ulipokwisha, mzee aliomba boksi kama kawaida. Mikono yake inatetemeka zaidi sasa, na K za mwaka huo amezichora kubwa, zinatoka nje ya miraba. Nilimfunga mkanda kiunoni kwanza, nikakunja magoti, tukahesabu wote hadi tatu, akanyanyuka kutoka kwenye kiti akakaa kitandani bila shida. Kisha tukamwaga karatasi kwenye shuka. Yeye alizipanga kwa miezi, mimi nikahesabu kwa kidole, polepole, kwa sauti, kwa Kiswahili kwa sababu anapenda kusikia namba zikitamkwa hivyo. Tulipofika tisini nikageuza karatasi ya mwisho kuangalia kama kuna nyingine nyuma yake. Haikuwepo.

"Tisini," mzee akarudia, kwa Kiswahili, na akaiandika pembeni ya boksi kwa penseli, chini ya themanini na saba na themanini na tisa.